Vyungu vya Kikosi cha Nyati

Katika zama ambazo gobore lilikwisha kufika bara lakini mkuki ulikuwa haujaaibika, nchi ya Ilambo ilikuwa chini ya Mtemi Galahenga. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kupendeza, na kifuani alivaa kibangwa, kile kipande cheupe cha kombe ambacho ni alama ya watemi. Wako wanaomsifu mpaka leo. Mimi simo.

Jeshi lake lilipangwa kwa chungu. Askari kumi walikula chungu kimoja, na vyungu mia vilifanya kikosi. Vikosi vilikuwa vitano: Simba, Chui, Kifaru, Nyati, na Nyuki waliomlinda Mtemi mwenyewe. Jirani aliyetaka kujua nguvu za Ilambo hakuhesabu vichwa. Alihesabu vyungu, akapata mia tano, akajua kwamba wanaokuja ni watu elfu tano, akatafuta zawadi za kupeleka kabla hawajafika.

Sheria ya mababu wa Galahenga ilikuwa njema. Kikosi kilichotoka vitani kilipanga vyungu vyake uwanjani, na chungu kilichofiwa, hata kwa mtu mmoja, kilivunjwa na Mtemi kwa mkono wake mwenyewe. Hapo ndipo ndugu waliporuhusiwa kulia na kunyoa nywele. Kabla ya hapo marehemu alihesabiwa yu hai, na kumlilia lilikuwa kosa. Waliobaki walichanganywa wao kwa wao, wakapewa vyungu vipya, na Mtemi akajua ana watu wangapi.

Galahenga aliona uchungu kuvunja. Kila chungu kilichovunjika kilipunguza jeshi lake masikioni mwa majirani, naye alipenda kusikia "elfu tano" kuliko alivyopenda nyama. Basi akaacha. Vita vya miaka sita vikapita, vyungu vikabaki mia tano vilevile, na ikatangazwa kwamba atakayemtajia Mtemi hesabu nyingine atauawa. Nchi nzima ikajaa wazazi wenye nywele ndefu wasioruhusiwa kulia.

Mmoja wao alikuwa Nsungwa, mjane na mfinyanzi, aliyefinyanga na kuziba vyungu vya jeshi kwa muda wa miaka kumi na minane. Mwanawe wa pekee, Mayenga, alikuwa askari wa Nyati. Alichomwa mkuki katika kivuko cha mto Luhala, na mwenzake wa chungu kimoja, kijana aitwaye Sitta, akamletea mama yake njuga alizokuwa akivaa miguuni. Nsungwa alizifunga njuga hizo kiunoni, akaenda barazani, akapiga magoti na kupiga makofi ya heshima mbele ya watu wote.

"Ee Mtemi, mwanangu amefia vitani. Nakuomba univunjie chungu chake, nimlilie."

Galahenga alimtazama kwa upole, kama mtu anayetaka kufurahisha wageni wake.

"Mama, nani amekuambia amekufa? Mwanao yuko kikosini. Kesho atakula."

Baraza likacheka. Wengine walicheka kwa woga, najua, lakini kicheko cha woga nacho husikika. Nsungwa aliinuka, akajifuta vumbi magotini, akaondoka. Kuanzia saa ile hakutaka ng'ombe, hakutaka fidia, hakutaka hata Galahenga afe. Alitaka mkono ule uvunje chungu kile.

Baada ya mwezi mmoja Sitta alikuja na chungu cha akina Mayenga kikiwa na ufa. Nsungwa akampa kingine, akabaki na kile. Alipokigeuza juani aliona jambo ambalo alikuwa ameliona mara nyingi bila kulitilia maanani. Chungu cha watu kumi huacha ukoko mpaka karibu na shingo. Hiki ukoko wake wa miezi yote hiyo ulikomea chini kabisa, kimo cha vidole viwili, na juu yake udongo ulikuwa umekauka na kuungua kwa kupikiwa bila kujaa. Ndiyo maana kilipasuka. Waliokula humo walikuwa wawili.

Akakaa chini akakumbuka vyungu vyote alivyoziba mwaka ule. Vya Simba ukoko ulikuwa wa watu watatu. Vya Chui wanne, vya Kifaru watatu, vya Nyati wawili. Vya Nyuki peke yao, ambao hawakupelekwa popote, vilijaa mpaka shingoni. Mfinyanzi huyu, ambaye hakuna aliyewahi kumwita kwenye shauri la vita, ndiye pekee katika Ilambo aliyejua jeshi la Ilambo.

Wakati huo Galahenga alikuwa akijiandaa kuishambulia nchi ya Uhemba. Alikwisha kuwapelekea mjumbe: watoe magobore yao yote na vijana mia nne, au wafutwe. Nsungwa alijitwika chungu chenye ufa, akashika njia za wachimba udongo ambazo askari hawazijui. Alitembea siku nne, akilala vichakani na kula mahindi mabichi, miguu ikamvimba, na njuga zikilia kiunoni kila hatua.

Jemadari wa Uhemba alikuwa Kalugula, mtu mfupi, mkavu wa maneno, aliyepoteza sikio moja vitani. Alipanga jeshi lake kwa namna nyingine. Kikosi chake kilikuwa cha watu mia tatu tu, na kikipungua sana kiliunganishwa na kingine, ngoma yake ikatundikwa. Alikuwa ameanza na vikosi kumi na vinne. Sasa vilibaki tisa, lakini vimejaa. Watu elfu mbili na mia saba dhidi ya elfu tano. Wazee wa baraza walikuwa wameshaanza kuchagua vijana wa kutolewa, na kila mzee, ajabu, alichagua watoto wa mwenzake.

Nsungwa aliingizwa barazani, akatua chungu katikati, akawaeleza. Mzee Ngasa, msemaji wa baraza, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Yaani tukafe kwa ushahidi wa ukoko wa ugali?"

"Baba, mimi sijakuomba ufe," akajibu Nsungwa. "Nimekuja na miguu yangu kukuambia ni wangapi. Ukipenda kutoa watoto, toa. Ila usiseme hukuambiwa."

Kalugula aliingiza mkono ndani ya chungu, akapapasa ukoko polepole kwa kidole.

"Hawa Nyati ni wenzake mwanao," akasema. "Nikikuamini, hao ndio nitakaowapiga kwanza. Umelifikiri hilo, mama?"

"Nimelifikiri njia nzima."

"Unataka malipo gani?"

"Galahenga akiwa hai, na kwa siku moja awe mikononi mwangu. Na vyungu vyao vyote."

Siku ya tano tangu Nsungwa aingie Uhemba, Ilambo wakafika, ngoma tano zikilia, manyoya vichwani, ngao za ngozi ya nyati zimepakwa chokaa. Galahenga aliuzunguka ukuta wa magogo wa Uhemba. Simba aliwaweka mashariki, Chui kusini, Kifaru kaskazini, Nyati magharibi, kila kikosi kikapewa upande mzima kana kwamba kimetimia elfu. Yeye na Nyuki wakapiga kambi kwenye mwinuko, nyuma ya Nyati.

Kalugula hakuwa mtu wa kuamini kwa sikio, pengine kwa kuwa alikuwa nalo moja. Asubuhi alipanda ukutani upande wa magharibi, akakaa huko mpaka adhuhuri akiwatazama walinzi wa Nyati. Aliporudi alikuwa akitabasamu, jambo ambalo watu wake hawakulizoea.

"Kuna mlinzi mmoja anachechemea," akasema. "Nimemwona penye mkuyu, nimemwona penye kichuguu, nimemwona tena kisimani. Zamu tatu, mtu mmoja. Mama huyu hakudanganya."

Hapo ndipo mpango ulipopangwa. Vikosi vitatu vitalinda ukuta pande zote na kupiga kelele za watu elfu. Vikosi sita, watu elfu moja na mia nane, watatoka kwa lango la magharibi.

Walitoka kesho yake jua likiwa la asubuhi, umande haujakauka. Nyati walikuwa mia mbili, wametawanywa kwenye mstari wa watu elfu, kila mmoja akimwona mwenzake kwa mbali. Siwadharau. Walisimama. Magobore yalilia mara moja tu, baruti ikajaa hewani, kisha ikawa mikuki, na wimbi la Uhemba likapita juu yao, ngoma ya Nyati ikanyamaza katikati ya pigo. Nsungwa alikuwa juu ya ukuta. Hakufumba macho hata mara moja.

Mwinukoni Galahenga aliona vumbi likimjia. Hakushtuka. Alikuwa na elfu tano. "Pigeni ngoma ya Simba," akaamuru. "Waniletee nusu yao, mia tano, wawapige hawa ubavuni."

Ngoma ikapigwa. Simba wakaja wakikimbia, nao walikuwa mia moja na hamsini, wakiongozwa na akida wao Ntobi, aliyekuwa amezika ndugu zake watatu bila kuwalilia.

"Nimeita mia tano!" Galahenga akafoka. "Wengine wako wapi?"

Ntobi aliangalia vumbi la Uhemba, akamwangalia Mtemi wake. Kusema hesabu ilikuwa kifo, na kifo chenyewe kilikuwa kinapanda mwinuko.

"Wako kikosini, Mtemi," akasema. "Kesho watakula."

Kisha akaweka mkuki wake chini kwenye majani, akaketi. Wale mia moja na hamsini wakaketi pamoja naye. Galahenga aligeuka, akaanza kuhesabu kwa macho, mashariki, kusini, kaskazini, huku midomo ikimchezacheza, na alikuwa hajamaliza Uhemba walipofika. Nyuki, walionona kwa miaka sita bila vita, walipigana kwa muda wa kupika uji, wakatupa ngao. Chui na Kifaru waliposikia ngoma ya Mtemi imekoma, wakasimama walipokuwa. Mtemi alikamatwa akiwa bado amevaa kibangwa.

Kalugula alitimiza ahadi. Kesho yake vyungu mia tano vilipangwa uwanjani, safu kwa safu. Mateka wa Ilambo waliketi upande mmoja, watu wa Uhemba upande mwingine. Galahenga akaletwa, mikono imefunguliwa.

"Vunja," akasema Nsungwa.

"Mimi ni Mtemi. Siamrishwi na mfinyanzi."

"Ndiyo maana nataka uvunje wewe. Angekuwa mwingine ningevunja mwenyewe tangu zamani."

Hakuna aliyemgusa. Lakini alipotazama mateka, watu wake mwenyewe, aliona macho ambayo hakuwahi kuyaona barazani. Akainua chungu cha kwanza cha Simba, akakipiga chini. Toka upande wa mateka sauti ikataja majina saba. Mtu mmoja akaanza kulia kwa sauti. Galahenga akavunja cha pili, cha tatu. Majina yakaja, vilio vikaja, wembe ukaanza kupita vichwani. Kufikia vyungu mia vidole vilikuwa vinamtoka damu.

"Ni wangapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Endelea."

Alivunja mpaka jua likapinduka. Majina yalizidi elfu tatu, na kila jina aliambiwa usoni. Chungu kilichokuwa hakijafiwa Nsungwa alikiweka kando kwa mkono wake. Hakumpa Galahenga maji. Naandika hivi bila kumwonea aibu: alifurahi kila kigae kilipomkata, na mimi ningefurahi pia.

Mwisho kabisa akamletea chungu chenye ufa.

"Hiki ni cha nani?" Galahenga akauliza.

"Mayenga mwana wa Nsungwa. Amekufa kivukoni Luhala. Wenzake wengine wamekwisha kutajwa kwenye kile kipya." Asubuhi ile, kati ya maiti za Nyati, alikuwa amemwona yule kijana aliyemletea njuga. "Na Sitta. Amekufa hapa, jana. Huyu nimemuua mimi."

Galahenga akakivunja.

Waimbaji wa Uhemba wameshika jina la Kalugula na vikosi vyake tisa. Galahenga walimwacha aende zake, akazunguka nchi za watu mpaka uzeeni, na hakuna kijiji kilichomkaribisha chunguni. Nsungwa hawamwimbi. Siku ile alifungua njuga kiunoni, akaziweka juu ya vigae, akaomba wembe. Ntobi ndiye aliyemnyoa. Kisha akalia, kwanza kwa jina moja, baadaye kwa mawili, mpaka sauti ikamwishia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.