Kulabu Iliyotiwa Maji

Inspekta Shaima alipofika Kariakoo asubuhi ile, Pius alikuwa bado amelaliwa na belo la mitumba. Miguu tu ndiyo iliyoonekana, ndala moja mguuni, nyingine mtaroni. Makuli wenzake hawakuwa wanahangaika na maiti. Walikuwa wanamshindilia mateke Awadhi, mwendesha winchi, mlangoni mwa stoo, na mwenye stoo, Ubeid, amekaa zake kwenye kiti cha plastiki anatazama. Jamani, kuna watu wana roho.

Shaima aliwatawanya, kisha akamgeukia Ubeid.

“Huyo ndiye muuaji, afande,” alisema Ubeid. “Jana kamtishia marehemu mbele ya watu. Leo kaachia winchi ghafla, mnyororo ukashtuka, kulabu ikakatika.”

“Ulimtishia?” Shaima alimuuliza Awadhi.

“Nilimwambia nitamng'oa meno.” Awadhi alitema damu. “Alitugomesha kazi wote, na mimi nina watoto. Lakini kuua, hapana.”

“Aligoma kwa nini?”

Awadhi alimtupia jicho Ubeid, akageuza uso.

Shaima aliokota vipande viwili vya kulabu. Ilikuwa imekatikia kwenye pindo, na pale ilipokatika chuma kilimetameta chembechembe kama sukari. Mdomo wake haukuwa umefunguka hata kidogo. Shingoni palikuwa na rangi ya buluu, ile ya chuma kilichoonja moto. Alivifunga kwenye kitambaa.

Mkuu wake wa kituo hakutaka maneno mengi. Kishindo cha winchi kimesikika, vitisho vina mashahidi, basi Awadhi apandishwe kizimbani kesho kwa mauaji. Na mauaji hayana dhamana. Mtu huweza kuozea mahabusu miaka akisubiri kusikilizwa.

Saa saba mchana Shaima alikuwa kwenye maabara ya chuo, mbele ya Talha, mpimaji wa vyuma. Talha alifunga kulabu mpya ya aina ileile kwenye mashine, akaivuta. Mdomo ukaanza kufunguka, ukafunguka zaidi, chuma kikanyooka taratibu, na muda mrefu ukapita kabla hakijakatika.

“Nzima inakuonya,” alisema Talha. “Unaiona inafunguka, unakimbia. Hii yako haikumwonya mtu.”

Akachukua tupa, akaipitisha kwenye kipande cha Shaima. Tupa ikateleza bila kukwaruza.

“Imechomwa ikawa nyekundu, halafu ikatumbukizwa kwenye maji. Tindo hutiwa maji hivyo ili iwe ngumu. Kulabu ukiifanyia hivyo haipindi tena, inavunjika.”

“Na winchi ikishtuka?”

“Nzima ingefunguka mdomo. Hii ingekatika hata ungeivuta kwa adabu.”

Shaima alirudi mahabusu, akamkuta Awadhi jicho moja limefumba.

“Niambie ambalo hukutaka kulisema mbele ya bosi wako.”

“Kulabu zilikuwa zinafunguka, afande. Ya mlango wa mbele na ya mlango wa nyuma. Jana asubuhi Pius alimwonyesha Ubeid mbele ya wateja, akasema zimechoka, hatunyanyui. Wateja wakamcheka Ubeid. Akazichukua zote mbili kwenda Buguruni, jioni akarudi nazo nyeusi tii. Akamwambia Pius, kesho utasimama chini yake, tuone kama zitafunguka.”

“Na leo ndiye aliyemwamuru asimame pale?”

“Kwa kidole.”

Huko Buguruni, mhunzi Abdulkadiri hakuficha. “Alitaka zisifunguke tena, nikazikunja, nikazitia maji. Nikamwambia aziache nizirudishe kwenye moto mdogo, zipunguze ukali, maana hivyo zilivyo zinavunjika. Nikagonga kipande cha springi nilichokitia maji pamoja nazo, kikakatika mbele ya macho yake. Akaondoka nazo hivyohivyo.”

“Mzushi huyo,” alisema Ubeid alipoulizwa. “Aliniambia sasa ni imara kuliko mpya. Mimi nilitaka usalama wa vijana wangu.”

Neno la tajiri na neno la mhunzi. Shaima alijua lipi lingesikilizwa.

Saa kumi na moja alimleta Awadhi stoo, akamfungua pingu, akamweka kwenye winchi ya mlango wa nyuma. Belo likapanda, likaning'inia kwenye kulabu nyeusi. Makuli walisimama mbali. Angelina, mke wa Pius, alikuwa nao, kanga kichwani.

“Kulabu yako ya pili,” Shaima alimwambia Ubeid. “Imara kuliko mpya. Simama chini.”

Ubeid alicheka kidogo. “Mimi si kuli.”

“Hatua mbili tu.”

Hakusogea. Aliyesogea ni Angelina. Hakuna aliyemtuma. Alikwenda akasimama chini ya belo, akatulia.

“Mtoeni!” Ubeid alipiga kelele. “Hiyo inakatika!”

Kelele zake ziliishia hewani. Makuli waligeuka wote kumtazama.

“Ile yako iko kwa Talha,” alisema Shaima. “Hii ni mpya, nimeipaka masizi. Kumbe Abdulkadiri alikwambia, ukamwelewa vizuri.”

Ubeid aliketi chini sakafuni. “Alinifanya kichekesho dukani kwangu. Nilitaka aogope tu, aombe radhi mbele ya wenzake. Belo moja, nikasema, litapita salama.”

Pingu zilezile alizovuliwa Awadhi, Shaima alimvisha Ubeid. Angelina bado alikuwa amesimama palepale.

“Aliogopa,” alisema, bila kumtazama mtu. “Asubuhi alikaa kitandani, akaniambia mama watoto, leo siendi, yule ataniweka chini ya belo. Nikamwambia asiniletee uvivu. Nikamtoa nje mwenyewe, nikafunga mlango.”