Maji ya Kuoshea Sola

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Evaline aliosha paneli ishirini na nne za sola. Alipanda ngazi ya mbao na ndoo mkononi, akashuka, akaihamisha ngazi, akapanda tena. Kazi hiyo ilikuwa ya bibi yake, Bibi Efrazia, aliyelipwa na kamati ya umeme ya kitongoji cha Mkongeni, Kisarawe. Lakini goti la bibi lilikuwa limevimba, na Evaline, aliyekuwa amehamia kwake kutoka Muleba, mbali na pwani, ndiye pekee aliyekuwa na miguu mizima nyumbani.

Umeme wa Mkongeni ulitoka kwenye paneli hizo tu. Mchana jua liliendesha mashine ya kusaga na kujaza betri. Jioni betri ziliwasha taa za nyumba sitini. Msimamizi alikuwa Fundi Yahya. Alisimamia pia mtambo mwingine kule Janga, Kibaha, kwa sababu mitambo miwili midogo iliweza kumlipa fundi mmoja, si wawili. Alikuja mara mbili kwa wiki kwa pikipiki, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope.

Siku ya kwanza alimwambia Evaline, "Osha kwa maji baridi, mwanangu, kabla jua halijapanda."

Evaline aliitikia. Karibu na mtambo palikuwa na kisima, na maji yake ya alfajiri yaliuma vidole kwa baridi. Akayatumia hayo.

Wiki tatu baadaye alikwenda kumtembelea Naila, rafiki yake wa darasani. Jua lilikuwa kali.

"Naomba maji baridi," alisema. Naila akamletea kikombe. Evaline akanywa, akakunja uso. "Mbona ya moto?"

"Ya moto wapi? Umeomba maji baridi, nimekupa maji baridi. Ya mvua hayo, ya kwenye tangi la msikiti."

"Lakini ni vuguvugu!"

Naila alicheka mpaka akashika tumbo. "We Evaline! Maji baridi ni yale yasiyo na chumvi. Ya kisimani ni maji ya chumvi, hata ukiyagandisha kwenye friji. Mama, njoo umsikie mtu wa Muleba!"

Evaline alijaribu kucheka. Akayakumbuka maneno ya fundi, na ndoo zote alizochota kisimani.

Kesho yake alizitazama paneli vizuri. Vioo vilikuwa vimeshika ukoko mweupe, kama ule wa ndani ya birika la chai. Aliukwaruza kwa kucha, haukutoka. Tangi la msikiti lilikuwa ng'ambo ya bonde, nusu saa kwenda na kurudi, na ndoo moja haitoshi. Alikuwa amechoka. "Nitaanza kesho," alijiambia, akachota kisimani. Kesho yake akasema hivyohivyo. Kila siku ukoko uliongezeka, na hofu nayo. Je, wakijua, si bibi atafukuzwa kazi? Daftari zake na dawa ya goti la bibi vilitoka kwenye kazi hiyo.

Haukupita mwezi, taa zikaanza kuzimika kabla watu hawajamaliza kula. Fundi Yahya aliagiza mashine ya kusaga ifanye kazi saa za jua kali tu, na watu wapige pasi mchana, ili betri zibaki kwa ajili ya taa. Watu walitii. Hata Mama Siwema, mwenye mashine, alitii huku akinung'unika. Haikusaidia.

Alhamisi alasiri fundi aliitisha mkutano mbele ya chumba cha betri. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Hata hivyo, alipomwona Bibi Efrazia akija anachechemea, aliinuka akampa kiti chake, yeye akakaa kwenye ndoo.

"Ndugu zangu, nimepima betri kutwa nzima," alisema. "Hazijai. Nadhani zimechoka. Itabidi kila nyumba ichangie tununue mpya. Tukishindwa, tutazima mtambo jioni."

"Tuchangie tena?" Mama Siwema alidakia. "Zimechoka betri au umechoka wewe, Yahya?"

Watu wakacheka kidogo. Fundi alicheka nao. "Wote, dada yangu. Wote tumechoka."

Bibi Efrazia aliinuka taratibu, mkono kwenye goti. "Mimi sina mengi. Kateni mshahara wangu wa miezi miwili, muanzie hapo."

Evaline alihisi machozi yakimjaa. Bibi yake alikuwa anatoa dawa yake ya goti kwa ajili ya betri ambazo hazikuwa na ugonjwa wowote.

"Bibi, usitoe!" alipiga kelele. Watu wote wakageuka. "Betri hazina kosa. Ni mimi. Nimeosha paneli kwa maji ya kisima. Mwanzoni sikujua maana ya maji baridi. Lakini nilipojua... niliendelea."

Fundi Yahya alichukua ngazi, akapanda, akapitisha kidole juu ya kioo.

"Hata mimi nina kosa," alisema aliposhuka. "Wiki zote hizi nimetazama betri, sikupanda kutazama juu."

"Ukoko wa maji ya chumvi?" aliuliza Mama Siwema. "Birika langu naliosha kwa ndimu kila Ijumaa. Hebu subirini." Alirudi na kikapu cha ndimu. Walizikamua, wakachanganya na maji ya mvua, wakafuta kwa matambaa laini, kisha wakasuuza. Kazi ilichukua siku mbili. Hakuna aliyemtukana Evaline, lakini hakuna pia aliyemwambia akapumzike.

Jumapili Fundi Yahya alipima tena. Betri zilikuwa zimejaa kabla ya saa tisa.

Kamati haikumwondoa Bibi Efrazia. Fundi aliwaazima toroli lake la kubebea madumu ya maji. Kesho yake alfajiri Evaline alilisukuma kutoka msikitini, mikono ikimuuma, bibi akimfuata polepole nyuma. Walipofika kwenye mtambo, bibi alimpangusa jasho kwa ncha ya khanga.

"Bibi, umenikasirikia?"

"Kwa kutojua neno, hapana, mjukuu wangu. Hata kuchoka si kosa, ungeniambia ningemwomba mtu akusaidie. Kosa lilikuwa kunyamaza. Kitongoji kizima kilikaribia kununua betri kwa sababu ya kimya chako. Ukikosea, sema mapema, wakati dawa yake bado ni ndimu."

"Nitasema, bibi."

"Haya. Niegemezee ngazi. Leo goti lina nafuu, nitaosha mstari mmoja mwenyewe, wewe uwahi shule."