Siku Mbaya ya Ngumbao

Kila asubuhi Kahaso alimfunga mumewe vifungo vya shati. Ngumbao naye alisimulia habari za mabwawa ya chumvi ya Marereni.

"Gunia zima nililibeba begani huku naimba. Wakumbuka, Kahaso?"

"Nakumbuka. Sauti hiyo ndiyo iliyoniponza. Inua mkono."

Siku hizo zilikuwa tamu! Ngumbao alizikumbuka hadi machozi yakamlenga. Miaka minne iliyopita alianguka kutoka juu ya lori la chumvi. Mgongo uliumia, vidole vikafa ganzi. Tangu hapo Kahaso aliacha kwenda shambani. Angemwacha na nani?

Waliomba msaada wa serikali kwa watu wenye ulemavu. Ngumbao alimtamkia karani majibu, karani akajaza fomu. Ombi likakataliwa.

Ndipo Monicah, mhudumu wa afya wa kijiji, alipopita kwao.

"Shikamoo, baba. Hali yako?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi mzima kabisa."

Monicah aliomba nakala ya fomu, akaisoma kwa sauti. "'Navaa mwenyewe. Natembea vizuri. Kazi naiweza.' Baba, ni nani huyu?"

"Ni mimi."

"Ni yeye wa zamani," Kahaso alisema.

Ngumbao aliinamisha uso. Aliona haya. Tangu utotoni alizoea kujibu "njema", hata akiwa anaumwa. Na mbeba chumvi mzima ataandikaje kwamba anavishwa shati?

"Kwenye salamu jibu njema, baba," Monicah alisema. "Lakini anayesoma fomu hakuoni. Anajua tu yaliyoandikwa. Usifiche, wala usitie chumvi."

Ngumbao alicheka. "Chumvi niliiacha Marereni. Haya, niseme nini?"

"Nieleze siku yako mbaya, tangu kuamka hadi kulala. Ni kipi huwezi kufanya? Maumivu huja mara ngapi kwa wiki? Nani hukusaidia? Kisha tutaambatisha barua ya daktari."

Monicah alishika kalamu. Ngumbao akasema polepole.

"Siwezi kufunga vifungo. Nikitembea hadi kwa jirani, sharti nikae njiani mara mbili. Siku tatu kwa wiki siwezi kuinuka kitandani. Mke wangu huniinua. Yeye pia mgongo wamuuma, ila hasemi."

Kahaso alijifuta macho kwa leso. "Nilidhani huoni," alisema.

Walikata rufaa, wakapeleka maelezo hayo pamoja na barua ya daktari. Baada ya miezi mitatu ombi lilikubaliwa. Sasa Cynthia, binti wa dada yake Kahaso, huja kila asubuhi kumsaidia Ngumbao, naye hulipwa kutokana na fedha za msaada huo.

Siku moja, Cynthia akimfunga vifungo, Ngumbao alisikia wimbo. Ulikuwa wimbo wake wa Marereni. Kahaso alikuwa shambani, akipalilia mihogo na kuimba.

Ngumbao alikohoa kidogo kusafisha koo, kisha akaitikia.