Nyuma ya Mstari wa Tegan

Mabinti mnaotushinda hesabu sisi mama zenu, sikieni ya Tegan.

Asubuhi moja stesheni ya Newcastle ilifurika watu, kahawa ya Tegan ikamwagikia shati jeupe la kijana mrefu.

"Pole jamani!"

"Usijali, bibie. Ila utanifulia."

Alikuwa Stavros, kumbe mhandisi mpya wa ofisini kwao. Haukupita muda wakawa wapenzi, wanakula samaki na chipsi ufukweni, Tegan na gauni lake la bluu linalopepea.

Tegan alikuwa akibuni kidhibiti cha kreni ya bandarini, ile akili inayotuliza kontena linapobembea hewani. Kwenye hesabu alichukulia kwamba litabembea kidogo tu, maana hapo hesabu ni rahisi. Likibembea sana, hesabu hiyo haifai tena.

"Mpenzi, kijaribu kwanza kwa upepo mkali kwenye kompyuta," Stavros alimwambia.

"Wivu huo! Bosi anataka kijaribiwe bandarini Ijumaa."

"Wivu wa nini? Si mimi nitakayesimama pale chini?"

"Simama nyuma ya mstari wa usalama, kipenzi. Nimeuchora mwenyewe."

Ijumaa simu ya Tegan iliita akiwa ofisini. Alikuwa Stavros, akipiga kutoka bandarini. Ni Tegan peke yake aliyeweza kuahirisha jaribio. "Anataka kunihubiria tena," akasema, akaikata. Ikaita tena. Akaizima.

Upepo wa kusini ukaingia kwa kishindo. Kontena likabembea kwa nguvu. Kidhibiti kikavuta kana kwamba mbembeo ni mdogo, kikachelewa, kila kikivuta kikauzidisha. Stavros alikuwa nyuma ya mstari, pale pale alipoambiwa. Kontena likamfikia, likamvunja bega.

Hospitalini Tegan alilia mpaka shuka likalowa.

"Nisamehe. Nilikosea hesabu."

"Hesabu nimekusamehe, mpenzi. Hata mimi hukosea." Stavros alimtazama. "Simu uliiona?"

Tegan angeweza kudanganya. "Niliiona."

"Upepo ulikuwa umeanza. Niliogopa, nikakupigia wewe."

"Tuoane, Stavros. Nitakuuguza. Kidhibiti nitakibuni upya na kukijaribu kwa kila upepo."

"Kibuni upya, watu wanapita pale chini." Akamshika mkono kwa ule wake mzima, akaubusu, kisha akauachia taratibu. "Nakupenda, Tegan. Lakini nitaoa mtu ambaye nikiogopa, atapokea simu."