Doa Jeupe Kwenye Benchi la Uani

Mnisamehe mapema. Mimi ni mchekeshaji wa jukwaani. Kunipa kisa cha kutisha ni kumpa mbuzi alinde bustani. Nitakiharibu. Lakini kilimpata kaka yangu wa tumbo moja, na nilikuwepo.

Kaka alikuwa fundi picha. Tangu shemeji afariki aliishi peke yake, akipiga picha za kitu kimoja tu: benchi la uani alipokuwa akikaa mkewe. Alitumia filamu ya infraredi, ile inayonasa mwanga usioonekana kwa macho. Majani hutoka meupe kama yamemwagiwa unga, mbingu nyeusi tii. Tulikubaliana Jumamosi ahamie kwangu. Mke wangu alishamtandikia kitanda.

Ijumaa mchana akanipigia simu. "Mdogo wangu, lenzi inanisumbua. Njoo na ile niliyokupa."

Nilipofika akanionyesha: kila picha ilikuwa na doa jeupe katikati. Niliwahi kumbebea vifaa, kwa hiyo nayajua magonjwa hayo: lenzi nyingine zikikutana na filamu ile, mwanga hugongana ndani ya vioo ukajikusanya katikati.

"Imeota kipara kama wewe," nikamwambia.

Akaanza kuichomoa lenzi yake.

Tukafunga lenzi yangu. Nikakaa kwenye benchi, jua la utosini. Akanilenga, akafunga kichujio cheusi, ambacho ukishakifunga huoni tena kilicho mbele yako. Akafyatua. Kisha akajipiga paji la uso: alisahau kusogeza pete ya lenzi kwenye alama nyekundu. Kwa filamu ile, usipoisogeza, unayemlenga hutoka na ukungu, na kilicho nyuma yake ndicho hutoka safi.

Akaisafisha filamu na kuichapa palepale, kwenye stoo aliyoigeuza chumba cha giza.

Mimi nilikuwa ukungu mtupu. Doa lilikuwa safi. Lilikuwa nyuma yangu. Lilikuwa na vidole.

"Ndiye," kaka akanong'ona.

"Funga mlango, twende kwangu leo hii."

"Nikimwacha hapa, atabaki na nani?"

Akaniomba picha moja tu, akiwa amekaa yeye, ndipo tuondoke. Nikamlenga. Alijibana pembeni mwa benchi, kama anayempisha mtu. Nikafunga kichujio. Giza. Nikatia mzaha wangu wa siku zote, ule wa kwenye harusi ninazochekesha.

Nikafyatua.

Nikainua kichwa. Benchi lilikuwa tupu. Geti la uani lilikuwa na komeo kwa ndani. Viatu vyake vilikuwa palepale, kamba zimefungwa.

Huu ni mwaka wa tatu. Picha ninayo: madoa mawili, bega kwa bega. Lenzi nimeipeleka kwa mafundi wawili, na wote wanasema haina kosa.

Najua haina. Lenzi haikusema kitu. Ni mimi na mdomo wangu, niliyeliambia benchi zima, kama ninavyowaambia maharusi: "Sogeleaneni basi, mbona mmeachana hivyo?"