Pikipiki Iliyolala Katika Nyumba Sita

Mwaka wa 1992, katika soko la Njanja, karibu na stesheni ya reli ya Lubumbashi, wauzaji walikuwa wengi kuliko wanunuzi. Mishahara ya wafanyakazi wa migodi ilikuwa imenyamaza kwa miezi mingi, na akina baba walileta sokoni kila kilichoweza kubebwa: redio, makoti ya arusi, hata milango ya kabati. Katikati ya vumbi na kelele hizo, fundi wa mashine aliyeitwa Séverin, mwenye umri wa miaka ishirini na minane, alikuwa ameinamia fremu ya pikipiki iliyoliwa na kutu. Alikuwa amekwisha kuinunua kwa kutoa baiskeli yake na mfuko wa unga wa mahindi. Salopeti yake ya buluu, ovaroli ya kazini, ilikuwa imepauka magotini, lakini ilikuwa imepigwa pasi kama nguo ya kwenda kanisani.

Aliinyanyua fremu, akaiweka begani.

“Pole na kufiwa, bwana fundi,” sauti ya mwanamke ikasema nyuma yake.

Séverin aligeuka. Aliona kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano, kitambaa cha kichwani kilichofungwa kwa mbele, na vidole vyembamba vyenye vumbi la chaki.

“Nani alikufa, mamzele?”

“Ile unabeba. Haina injini, haina mapine, ata kiti haina. Uliuziwa mifupa.”

“Na nyama yake iko wapi?”

“Iko mu mutaa ya Katuba, mu nyumba sita.” Mdomo wake ulicheka, lakini macho hayakucheka. “Ilikuwa ya baba yangu. Ule alikuuzisha sasa hivi, Donat, njo baba yangu mudogo.”

Jina lake lilikuwa Émerance, naye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka uliotangulia, askari walipopita nyumba kwa nyumba wakipora, baba yake, Mzee Lévi, hakukimbia na pikipiki yake wala hakuichimbia shimo. Alichukua spana, akaifungua yote katika mchana mmoja, kisha akapeleka kila kipande kwa jirani mmoja. Alisema kwamba mwizi hupenda kitu kizima. Gurudumu moja halimfikishi popote. Askari waliiona fremu tupu, wakaicheka, wakaiacha. Lakini miezi mitano baadaye moyo wa Mzee Lévi ulisimama kabla hajavikusanya vipande vyake, na kuku wa Donat wakaigeuza fremu kuwa kitanda chao.

“Minaweza kuenda kuomba hizo piesi?” Séverin aliuliza.

“Habatakupa. Kintu ya mufu habaitoe kwa mugeni. Lazima mutoto wake asimame pale.”

“Basi usimame pale pamoja na mi.”

“Kwanza uniambie, ukiitengeneza utafanya nayo nini?”

“Nitabebea bantu mizigo ya Kipushi. Nimechoka kungojea mushahara.” Aliishusha fremu. “Na weye, unataka nini?”

“Kuisikia tu. Mara moja. Baba mudogo anangojea treni anitume ku Kalemie, kwa yaya, dada yangu mukubwa. Anasema huku sina baba, sina bwana, na kazi yangu hailipwe. Muntu hana sababu ya kubakia, anapanda treni. Minataka kuisikia kabla ya kupanda.”

Wakakubaliana hivyo, wamesimama kati ya muuza dagaa na muuza misumari.

Jumamosi asubuhi walianza kwa Mama Marie-Thérèse, mwanamke mpana wa mabega na wa maneno. Alikuwa amelifunga gurudumu la mbele ndani ya shuka safi, akalilaza juu ya kabati.

“Émerance! Na huyu ni nani?”

“Ni fundi, mama.”

“Fundi!” Alimtazama Séverin kuanzia viatu hadi nywele. “Bafundi ba siku hizi banapiga salopeti pasi? Mukae. Minaleta maji.”

“Hapana, mama, tulikuwa tunatafuta tu…” Séverin alianza.

“Mukae, nilisema.”

Waliletewa maji ya kunywa na karanga za kukaanga, na baada ya karanga yakaja mawaidha. “Kijana, huyu mutoto iko na kichwa nguvu kama baba yake. Akikasirika, usimufuate mbio. Ngojea apike kwanza.”

“Ndiyo, mama,” Séverin alijibu kwa heshima, bila kujua alikuwa anakubali nini.

Papa Mumba, aliyeificha injini ndani ya gunia la makaa, aliwawekea mikono vichwani na kuwaombea. Katika nyumba ya nne walipewa tangi la petroli, na pamoja nalo kuku aliye hai, amefungwa miguu kwa kamba.

“Kuku ya nini?” Séverin aliuliza walipofika barabarani.

Émerance alifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. “Kumbe hauone? Banafikiri minakutembeza.”

Ndipo Séverin alipoelewa. Katika mitaa ile, msichana anayempitisha kijana mlango kwa mlango, wakapewa kiti, maji na mawaidha, huwa anamwonyesha mume wake mtarajiwa. Hakuna jirani aliyeweza kuamini kwamba watu wawili wangezunguka milango sita kwa ajili ya pistoni.

“Basi tumurudishe huyu kuku.”

“Kuku ya heshima hairudi, chéri.”

Neno hilo la mwisho, mpenzi kwa Kifaransa, lilimponyoka. Wote wawili walilisikia, wakaongeza mwendo mpaka kwenye kona.

Kwa Jumapili tano, baada ya misa, Émerance alikuja katika ua wa Séverin. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda kwa kutu. Séverin alimimina humo mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta ya kupikia, akaiacha inywe kwa siku nne, kisha akaigonga polepole kwa kipande cha mti mpaka ikakubali kusogea. Mnyororo aliuchemsha katika mafuta machafu ya gari, ndani ya sufuria ambayo aliapa kutoipikia maharagwe tena. Émerance alisugua kutu kwa ndimu na majivu, mikono ya blauzi ikiwa imekunjwa hadi kwenye viwiko. Ilipofika kazi ya kunyoosha magurudumu, Séverin aligonga spoki moja moja kwa spana na kusikiliza.

“Hii inaimba mubaya,” Émerance alisema.

“Iko muzuri.”

“Séverin. Mi nafundisha batoto makumi tano kuimba. Hii inaimba mubaya.”

Aliikaza nusu mzunguko. “Na sasa?”

“Sasa imeingia mu korali ya batoto.”

“Weye unanitesa, mwalimu yangu.”

“Njo kazi yangu. Mushahara hautoke, lakini kazi inafanyika.”

Alipokuwa peke yake, Séverin aliwaza sana. Katika karakana ya mgodi alikuwa ametengeneza mashine kubwa ambazo hakujua zilikuwa za nani. Hapa kila kipande kilikuwa na jina la mtu aliyekilinda. Katika mwaka ambao jirani alimwogopa jirani, nyumba sita zingeweza kuuza na kula; hakuna hata moja iliyouza. Aliona kwamba hakuwa anatengeneza chombo tu, bali alikuwa amekabidhiwa uaminifu wa watu. Aliona pia kwamba kila Jumapili alisikiliza mlango wa ua kuliko alivyosikiliza injini. Hakumwambia Émerance. Mtu asiye na mshahara, alijisemea, atafungua kinywa na kusema nini?

Jumapili ya tano, Donat alifika pamoja na wazee wawili. Alivaa koti jeusi na kofia, naye hakuwa mtu mbaya; alikuwa tu mtu aliyeachiwa binti wa ndugu yake katika wakati mgumu. Wanawake wa jirani walipanga vichwa vyao juu ya ukuta.

“Kijana,” Donat alisema, “mutoto yangu alikutembeza nyumba sita. Kwangu hamukufika. Mulipitia mulango gani?”

Séverin alisimama, mafuta yakimtiririka mikononi. Alifikiri kwamba neno lolote la mapenzi kutoka kwake, mtu mkavu mfukoni kama alivyokuwa, lingesikika kama hila, na jina la Émerance lingechafuka mbele ya wazee. Alidhani anamkinga.

“Papa, munisamehe. Kati ya mi na ye hakuna kintu. Nilikuwa natafuta piesi tu.”

Émerance alikuwa ameshika nusu ya ndimu. Aliiweka chini taratibu, akafuta mikono kwenye kitenge, akasema kwa sauti ile ya darasani:

“Njo vile, baba mudogo. Na sasa piesi yote anayo.”

Alipita katikati yao, akatoka.

Séverin alikaa siku tatu akitafuta maneno. Siku ya nne alikwenda shuleni, akakuta mwalimu mwingine mbele ya darasa. Alikimbia mpaka kwa Mama Marie-Thérèse.

“Unatafuta nani?” mama yule alimuuliza bila kuinuka. “Si ulisema hakuna kintu? Ile kintu ilipanda treni jana.”

Alimaliza kazi bila kujua ni kwa nini anaimaliza. Wiki tatu baadaye, Jumamosi mchana, pikipiki ilikohoa mara mbili, ikatoa moshi wa buluu, kisha ikanguruma. Mtaa mzima ulitoka nje. Papa Mumba alivua kofia. Watoto walipiga makofi. Mmoja tu aliyekuwa ameomba kuisikia ndiye ambaye hakuwapo, na furaha ya Séverin ilikuwa kama bukari, ule ugali wa kwao, bila mboga: ilijaza mkono, haikupita kooni.

Aliizima injini mbali kidogo na nyumba ya Donat, akaisukuma hadi mlangoni kwa adabu. Mzee alikuwa anashona kandambili yake.

“Papa, nimekuya kupitia mulango.”

“Mulango ulikuwa wazi ile siku.”

“Niliogopa. Sina kintu. Nilifikiri nikikatala, nitamulinda.”

“Nilikuuliza mulango, sikukuuliza mali.” Donat aliweka sindano chini. “Ungesema, ‘Minamupenda, mungojee kidogo,’ ningekaa, ningengojea. Mi pia nilioa na mikono mitupu. Lakini ile neno haukuisema mu sikio yangu. Uliisema mbele ya bantu. Kama unataka kuiondoa, uiondoe mbele ya bantu. Siku ya tatu, njo Jumatano, saa ine ya asubui, mi na yaya yake tunaongeaka pa fonii. Émerance naye anakuyaka.”

Simu zilikuwa zimekufa wakati ule. Fonii ilikuwa redio ya kuzungumzia, katika chumba kidogo chenye betri ya lori mezani. Msemaji alibonyeza kitufe, akasema neno lake, akamalizia kwa “à toi,” yaani zamu yako, kisha akakiachia ili mwenzake ajibu. Waliokuwa kwenye foleni walisikia kila kitu, na wa upande wa pili vilevile. Hapakuwa na siri pale. Watu walitangaziana vifo, bei ya maharagwe na kuzaliwa kwa watoto mbele ya umati.

Jumatano ile foleni ilifika hadi nje. Donat aliegemea ukuta. Séverin, katika shati jeupe lililofungwa mpaka kifungo cha juu, alipewa kipaza sauti.

“Kalemie, Kalemie, huku Lubumbashi. Émerance iko pale? À toi.”

Redio ilichemka kama mafuta kikaangoni. “Niko hapa. Ni nani? À toi.”

Alikuwa ameitambua sauti yake, na Séverin alijua.

“Ni Séverin. Pikipiki inalia, Émerance. À toi.”

“Pongezi. Unakosa piesi gani tena? À toi.”

“Ee! Anamuchapa!” alisema mama mmoja mwenye kikapu cha mihogo, na foleni ikacheka.

Séverin hakucheka. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

“Mbele ya baba yako mudogo, na mbele ya bantu bote bananisikia: ile siku nilisema wongo. Nilisema hakuna kintu. Ilikuwa woga. Minakupenda tangu pa Njanja. Sina mushahara, sina mali, niko na mikono hii tu. Minaomba ukubali kuwa bibi yangu. À toi.”

Redio ilivuma. Kwa mbali sana alisikika jogoo wa Kalemie.

“Sema tena,” Émerance alisema. “Bantu ba huku habakusikia muzuri. À toi.”

Alisema tena, kwa sauti kubwa zaidi. Jasho lilimwingia machoni.

“Iko mama mumoja nyuma kabisa, masikio yake imezeeka. Sema tena. À toi.”

Mara ya tatu hakuharakisha. Alitamka kila neno na kuliachia nafasi yake, na wanawake wa foleni, waliokuwa wamekwisha kulikariri, walisema pamoja naye, “niko na mikono hii tu.”

Opereta wa fonii aliitazama saa ya ukutani, kisha akaona ni heri atazame dirishani.

“Mi nilisikia mara ya kwanza,” Émerance alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imelowa. “Lakini nililia mu treni siku tisa, mbele ya bantu sijue ata majina yao. Nilitaka hii nayo isikilike. Ndiyo, Séverin. Minakubali. Treni ya kurudia, banasema labda mwezi muzima. Reli imeharibika. Utangojea?”

Séverin alifungua kinywa. Opereta alimshika mkono. “Bado. Hajasema à toi.”

Wote walingoja. Hewani zilipita pumzi zake tu, moja, mbili, kama za mtu anayefuta uso.

“À toi.”

“Ata miezi miwili,” Séverin alisema. “Ata mitatu.” Kisha akasahau kuachia kitufe, hivi kwamba watu wa Kalemie, waliokuwa wamejaa mlangoni kwao, waliendelea kusikia vigelegele vya wanawake wa foleni, na Mzee Donat akimkaripia opereta: “Usiikate, mutoto. Usiikate. Mi sijamusalimia bado.”