Picha Iliyobaki Kwenye Shuka

Je, sinema ikiisha, wewe hubaki umeketi, au huwa wa kwanza mlangoni?

Mbinya alikuwa wa kwanza. Asubuhi hiyo, kama ilivyokuwa kawaida yake kabla ya shule, alimkalisha nyanya yake, Susu Ndila, mlangoni mwa jikoni, akamng'oa kwa kibano kope zilizomchoma machoni.

"Ni uzee tu, mjukuu wangu," Susu alisema huku machozi yakimtiririka.

Mchana Bwana Abdulkadir, afisa wa afya, alileta sinema shuleni kwao Mukuyuni. Madirisha yalizibwa kwa blanketi, na shuka jeupe likatundikwa ukutani. Mbinya aliwekwa kwenye dirisha kubwa, alishike blanketi lake. Watoto walimcheka sana mzee wa sinema aliyekimbizwa na nzi hadi akatumbukia kwenye pipa la maji. Mzee akanawa uso, sinema ikaisha.

"Fungua tuwahi uwanja!" Kisilu, mwenzake wa darasa, akamhimiza.

Mbinya akavuta blanketi. Jua likamwagika ndani, shuka likabaki tupu.

"Rudisha, binti," Bwana Abdulkadir alisema bila kufoka. "Sinema imeisha, mimi sijamaliza. Sasa tazameni picha isiyokimbia."

"Wewe na haraka zako!" Kisilu akanong'ona.

"Si ni wewe umenituma?"

Blanketi liliporudi, jicho moja kubwa lilijaa kwenye shuka, kope zimejikunja ndani, zinakwaruza mboni.

"Ugonjwa huu huanza na nzi kama wale waliomkimbiza mzee," afisa alieleza. "Asiyenawa uso huambukizwa tena na tena, na ukubwani kope hugeuka hivi. Ukizing'oa huota tena, na mwishowe mtu hupofuka. Lakini hospitali hurekebisha."

"Hilo ni jicho la Susu!" Mbinya akasema.

Jioni Bwana Abdulkadir alifuatana naye nyumbani. Akamweleza Susu kuhusu upasuaji mdogo wa kurekebisha kope, na kwamba gari la hospitali lingempeleka Jumatatu. Susu akainama.

"Mbinya," afisa akasema, "cha kuchekesha kilikuja kwanza, cha kufaa kikaja watu wakiinuka. Jifunze kungoja. Na uso unawe kila siku."

Mbinya akaitikia kwa kichwa, kisha akamgeukia nyanya yake. "Unaogopa kisu, Susu?"

Susu Ndila alikipapasa kile kibano, akakiweka chini.

"Kisu sikiogopi. Uzee nilisingizia tu; nimetaka kwenda hospitali miaka mingi. Nilikosa tu mtu wa kunishika mkono."